Shati Lilelile la Buluu

Shambani, Nevada
11 Oktoba 2004

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima.

Tuko wanaume kumi na wawili katika nyumba ya shamba la ng'ombe, na binti mmoja, Kirsten, anayetafuta mchumba mbele ya televisheni. Wengine kati yetu huwapenda wanawake, wengine huwapenda wanaume na wanajificha. Akimchagua anayejificha, zawadi yote inakwenda kwa huyo mwanaume, naye Kirsten anaondoka mikono mitupu. Barua hii itasomwa kabla ya kutumwa, kwa hiyo usiniulize niko upande gani. Kipindi cha mwisho kitakuambia. Nimeapa kwa maandishi.

Kila ukuta una kioo, na nyuma ya kioo kuna mpiga picha. Jana nilikuwa nanyoa ndevu, kioo kikakohoa. Nikakipa pole. 

Kila siku naitwa kwenye chumba kidogo kuulizwa maswali yaleyale, na lazima nivae shati lilelile la buluu. Wanalifua wao.

Mwanao,
Tobin

Ogallala, Nebraska
3 Machi 2005

Mwanangu Tobin,

Hujambo? Goti linauma theluji ikianguka, mengine salama. Simu zangu hupokei, basi naandika.

Jana nilikutazama. Verna wa nyumba ya pili alikuja na keki ya tufaha tukakaa pamoja. Ukasema: "Sijawahi kumtamani mwanaume, na mama yangu analijua hilo." Verna akanipiga bega kwa furaha. Mimi nikasogea karibu na televisheni.

Nusu ya kwanza ya maneno hayo ulikuwa na mafua, nusu ya pili hukuwa nayo. Shati ni lilelile. Nimerekebisha magauni ya maharusi miaka thelathini, Tobin, mshono naujua hata ukifichwa, na maneno hayo yameungwa. Na maneno yalipokuwa yakitoka, walionyesha farasi. Kinywa chako sikukiona.

Nani alikuwa akisema, mwanangu?

Mama yako

Ogallala
24 Machi 2005

Mwanangu,

Hujambo huko? Hukunijibu.

Jana nilikaa na chai yangu saa ileile, kikaja kipindi cha uvuvi. Wamekifuta chenu baada ya wiki tatu tu, eti watazamaji hawakutosha. Verna anasema afadhali, lakini yeye hakuwa anasubiri kitu.

Nilirekodi kanda. Naicheza nikishona. Kila nikiirudia, sauti ile inazidi kuwa yako, na ile uliyokuwa nayo hapa jikoni inanipotea. Juzi nilishtukia naijibu. Naogopa, Tobin. Ulisema kipindi cha mwisho kitaniambia. Sasa nani ataniambia?

Mama yako

Reno, Nevada
31 Machi 2005

Mama,

Nisamehe kwa kimya. Goti je? Mimi si mzima sana.

Kirsten alinichagua mimi. Siku ya mwisho, mbele ya kamera kumi na moja, nikasema ukweli wangu nikilia, na jina lako nikalitaja. Nilitaka televisheni ikuambie kwa sababu mimi nilikuwa mwoga. Wakanipa zawadi, na shati wakaniachia. Kanda ya siku hiyo wameifungia, na kiapo kinanikataza kusema mpaka ionyeshwe. Haitaonyeshwa.

Kioo cha bafuni nimekifunika blanketi. Kinakohoa asubuhi. Au ni mimi, siku hizi sitofautishi.

Wakitaka wanishtaki. Mstari unaofuata nimeuandika bila kuinua kalamu, hata kati ya neno na neno:

mama mimi nawapenda wanaume na wewe sikuwahi kukuambia

Mwanao,
Tobin

Ogallala
5 Aprili 2005

Mwanangu Tobin,

Hujambo? Goti ni lilelile.

Sitasema sikushtuka. Niliweka sindano chini. Kisha nikaupitishia kidole mstari wako mara mbili, kama ninavyokagua pindo. Hauna mshono. Kanda nimeivuta utepe wote nikautia jalalani. Verna nitamwambia ukiwa umekaa hapa, si kabla.

Njoo wiki ijayo. Lile shati lilete, nilikate vitambaa vya kufutia vyombo. Na blanketi litoe kwenye kioo kabla hujaondoka. Kikikohoa, usikipe pole tena.

Mama yako