Homa Kidogo, Ndivyo Nilivyomwandikia Mama Yako

Mke mwenzangu Tatu,

Hali sikuulizi. Huko uliko wako wanaokuuliza, na yangu ukiiona utaniambia nikae chini. Nimekaa chini. Niko dukani Kariakoo, nyuma ya marobota, miguu nimeinyoosha kama mzazi. Nimechoka, Tatu. Si kuchoka kwa kazi, kazi naijua tangu mama yako hajazaliwa. Nimechoka kuamka kila siku nikakuta bado hujarudi.

Nani mwingine nitamwita mke mwenzangu? Ulikuwa na miaka minne, umekaa kwenye mapaja ya babu yako, ukaniambia, "Bibi, huyu mume wangu, wewe katafute wako." Nikakutukana, ukacheka. Babu yako alipokufa tukabaki wajane wawili, mmoja mzee na mmoja wa darasa la pili.

Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimetafuta mtu. Shule sikuikanyaga hata siku moja, wewe unajua. Herufi nilizijua kwenye kanga. Mteja anauliza jina kabla hajatazama rangi, na ukimpa kanga yenye maneno ya kumchamba wifi yake wakati yeye anataka ya kumpa mkwe, utaisikia sauti yake mpaka Ilala. Nikayajua maneno kwa sura, kisha herufi moja moja. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba kule ndiko kusoma. "Bibi, unasoma kila siku, hujui tu kama unasoma."

Basi nataka nikwambie kitu nilichokufanyia, na nilichomfanyia mama yako. Sijamwambia mtu mwingine. Lakini nianze na mashine, maana yote yamepita humo.

Ulipotoka kule ulikojifunza kompyuta, mimi na Bwana Jayanti tulikuwa na maduka matatu ya kanga, hili la Kariakoo, la Magomeni, na la mama yako Mtwara. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Zile siku za kupanga foleni kwa doti moja ziliisha, mzigo ukawa unaingia kila upande, na kila mwenye kibanda akawa mwagizaji. Sisi tukawa tunagongana wenyewe. Robota la kanga za bluu linakwenda Mtwara, na Mtwara wanalilia nyekundu, na nyekundu zimelala Magomeni zinaliwa na panya. Simu ya Mtwara ukiipata unapiga kelele mpaka mtaa mzima unajua biashara yako.

Ukaleta ile mashine ukaiweka chumba cha juu ya duka, kwa Jayanti. Jayanti akaizunguka mara mbili, akasema, "Tatu binti yangu, hii inafanya nini? Haina hata pa kutia kaseti." Ukamwambia hii ni seva. Mimi nikasema sijaelewa. Hukunicheka. Ukanishusha mpaka kwa wakala wa mabasi ya kusini, pale tunapopeleka vifurushi. Ukasema, "Bibi, ukimwachia huyu bahasha ya mama, mama akiwa hayupo stendi, bahasha inapotea?" Nikasema haipotei, inakaa kwake mpaka mwenyewe aje. "Basi seva ndiyo wakala. Kompyuta ya Mtwara inapiga simu asubuhi na alasiri, inauliza, kuna bahasha yangu? Inapewa. Na zake inaziacha." Hapo nikaelewa. Nikakuuliza, na wakala akifunga kibanda? Ukasema, "Ndiyo maana hafungi."

Ukaniandikia daftari. Herufi kubwa kama za kanga, jambo moja kila ukurasa. Ninalo hapa, limeingia mafuta ya nazi. Ukurasa wa kwanza: MASHINE YA CHINI NI YAKO, YA JUU NI YA WOTE. Wa pili: KILA MTU ANA SANDUKU LAKE NA NENO LAKE LA SIRI. USIMPE MTU. Wa tatu: SANDUKU NI LA MTU MMOJA, BARAZA NI LA WOTE, UKIANDIKA BARAZANI WOTE WANASOMA. Hilo la baraza nililipenda. Kila Ijumaa baada ya sala, Mtwara, Magomeni na sisi tunaingia wote kwa pamoja, huyu anaandika, yule anajibu, hakuna anayemkata mwenzake kauli. Ulisema iko siku laini za simu zitapata nguvu, tutaongea kwa sauti humo humo kama tumekaa mkeka mmoja. Nikakwambia nitakuwa nimekufa. Ukasema, "Wewe? Utatuzika wote." Kinywa chako kile, Tatu.

Ukurasa wa nne umeupigia mistari miwili: SEVA HAIZIMWI.

Homa ilikushika Jumatatu. Ulikataa chai, ukalala mchana, na mimi nikajua si homa ya kucheza. Jioni ulikuwa unaongea na watu ambao mimi siwaoni. Nikakupeleka hospitali. Wakakuwekea dripu, nikarudi dukani mara moja kuchukua shuka, na nikasema nimwandikie Somoe, mama yako. Nikakaa kwenye mashine, kidole kimoja. Nikaandika: SOMOE. TATU ANA HOMA KIDOGO USIHANGAIKE.

Unajua sisi tunavyosema. Mtu aliye mbali humtupii habari ya mgonjwa kama unavyotupa robota. Unampunguzia. Unasema kidogo, anasikia sauti yako inavyokwama, anajua mwenyewe kwamba si kidogo, anafunga mzigo anakuja. Maisha yangu yote nimepeleka habari hivyo, kwa mdomo na kwa simu. Baba yangu alipokuwa anakata roho niliambiwa amejikwaa, na nikawahi kumfumba macho. Nikadhani mashine nayo itabeba sauti. Ilibeba maneno matupu. Somoe aliona "kidogo", akaona "usihangaike", na hilo ndilo alilolisoma.

Alhamisi alfajiri ukaondoka. Tukakuzika alasiri ile ile. Mama yako tulimpata kwa simu ya jirani wakati wewe umeshavishwa sanda. Mvua ilikuwa imekata barabara, magari yamelala kwenye kivuko Rufiji. Alifika siku watu wanakunja mikeka ya matanga. Akashuka na kanga kichwani, tope mpaka magotini, akanitazama, akasema mbele ya wanawake wote, "Mama, uliniandikia kidogo."

Unajua nilimjibu nini? Mimi, mtu mzima. Nikasema, "Ulitaka nikwambie ukafie njiani?" Akaingia jikoni. Alikaa mpaka arobaini yako, anapika, anaosha vyombo, ananiamkia shikamoo, namwitikia marahaba, basi. Akarudi Mtwara.

Na mimi siku uliyokufa nilipanda kwa Jayanti nikaizima mashine. Redio tunazima kwenye msiba, vioo tunafunika, nikaona ile taa ya kijani inakonyeza kama hakuna kilichotokea. Nikaivuta waya ukutani. Ukurasa wa nne nilikuwa naujua kwa moyo.

Ilikaa hivyo siku zote za arobaini na zaidi. Magomeni wakawa hawajui kinachokwenda Mtwara. Zile bluu zikaenda tena kusikotakiwa. Jayanti akaja dukani, akakaa, akavua miwani, nikajua ana neno.

"Bibi Mwanahawa, tuiuze ile mashine. Aliyeijua ameondoka."

Nikamwambia, "Na cherehani ya marehemu mkeo umeuza?"

Akaivaa tena miwani. Nikajiona mbaya, maana ile cherehani ameifunika kitambaa cheupe, hata mkwewe haigusi. Akasema taratibu, "Sijauza. Lakini cherehani haili umeme." Tukacheka, Tatu. Wazee wawili tunacheka na machozi. Akanipa mpaka Ijumaa. Nikiiwasha, inabaki. Nisipoiwasha, kuna mtu wa kuinunua.

Nilipanda zile ngazi na daftari kwapani, nikipumzika kila ngazi ya tano. Nikafuata ukurasa kwa ukurasa. Waya, swichi nyuma, swichi mbele, usiguse, subiri. Nikasubiri. Ikanguruma. Taa ikawaka. Nikapiga kigelegele kimoja, mfanyakazi wa Jayanti akadhani kuna harusi.

Ukurasa wa mwisho sikuwahi kuufungua. Umeandika juu: SIKU NISIPOKUWEPO. Nadhani ulimaanisha siku ukienda kuolewa, maana umechora na mwanamke mwenye shela. Chini yake umeweka neno lako la siri. Daftari linasema usimpe mtu, na hapo hapo umenipa. Nikaliandika.

Sanduku lako likafunguka, na ndani yake kulikuwa na bahasha mbili za mama yako.

Ya kwanza ya Jumanne asubuhi. "Mwanangu, Mama ameandika una homa kidogo. Ni kidogo kweli? Unamjua bibi yako. Gari la kesho lina nafasi. Nije?"

Ya pili ya jioni yake. "Umenyamaza, basi umeshapona na uko kazini. Nitakuja mwisho wa mwezi. Kunywa maji."

Lile neno langu halikumtuliza Somoe kama nilivyodhani. Alilitilia shaka. Akauliza. Alimuuliza mtu aliyemwamini kuliko mimi, na mtu huyo alikuwa na dripu mkononi, na mimi nilikuwa nashinda kando ya kitanda chako wala sijui kama swali limekaa Kariakoo linasubiri. Jumanne asubuhi, Tatu. Barabara ilikuwa haijakatika. Angekukuta unapumua.

Nililia pale juu mpaka Jayanti akaniletea maji.

Siku mbili nilibeba jambo hilo. Nilifikiri nizifute zile bahasha, nani atajua? Mama yako ananilaumu kwa neno moja tayari, akijua na haya ndiyo atanizika moyoni kabisa. Mtu wa umri wangu ana watoto wangapi wa kupoteza? Mmoja tu aliyebaki hai, na yuko Mtwara hasemi nami. Nilikuwa na kidole juu ya kile kibonye cha kufuta ulichokibandika karatasi nyekundu. Kisha nikafikiri, huko nako si kumpunguzia tena? Nikaondoa kidole.

Ijumaa baada ya sala nikafungua baraza. Magomeni wakaingia, wakaandika salamu, wakauliza bluu zirudi au zikae. Jayanti alikuwa nyuma yangu. Mtwara kimya. Alama ya mama yako ilikuwa imewaka, yupo, anasoma, hasemi. Nikawajibu Magomeni habari ya bluu. Kisha nilipaswa kwenda kwenye sanduku lake, nimwandikie peke yake, na nilijua njia. Sikwenda. Alinisema mbele ya watu, na nilimjibu ovyo mbele ya watu. Nikaandika pale pale barazani, herufi moja baada ya nyingine, na watu wote wa maduka matatu wakisubiri:

SOMOE. TATU ALIKUWA ANAUMWA SANA. NILIJUA. NIKAKUANDIKIA KIDOGO. ULIMUULIZA JUMANNE KAMA UJE. HAKUSOMA ALIKUWA HAJIWEZI. SWALI LAKO NIMELIONA JUZI. UNGEMKUTA. NI KOSA LANGU SI LA BARABARA. NISAMEHE MWANANGU.

Jayanti akaniwekea mkono begani. Mtu yule miaka yote hajanigusa hata kidole.

Hakuna aliyeandika. Ungesema mashine imekufa. Nikatazama taa, inawaka. Nje wanauza na kununua, mtu anatangaza vyombo vya plastiki kwa kipaza sauti. Nikasema basi, nimemaliza mwanangu wa mwisho kwa kidole kimoja.

Halafu Mtwara ikaandika. "Nimesoma."

Nikangoja.

"Sijui nitasema nini leo, Mama. Nina hasira. Nitakuwa nayo muda mrefu."

Nikangoja tena. Nikaona herufi zinakuja.

"Umekula?"

Sikuwa nimekula, Tatu. Tangu juzi yake nilikuwa na chai tu. Kidole kilitaka kuandika nimekula, mwanangu, usihangaike. Kilishafika kwenye N. Nikakirudisha. Nikaandika: SIJALA. SILI VIZURI TANGU ALIPOKUFA. USIKU SILALI. MAGOTI YANANIUMA SANA SI KIDOGO.

Ikaja haraka, kama amenishika kola: "Jayanti, uko hapo? Mtafutie Mama chakula sasa hivi, na akatae nimsikie. Jumamosi napanda gari."

Jayanti akashuka ngazi mbio, mzee wa watu, akarudi na chapati na dengu, anaogopa mtu aliye Mtwara.

Mashine imebaki. Mama yako yuko njiani, na njia sasa inapitika. Akifika sijui tutaanzia wapi, tutaanzia kwenye jiko labda. Atanigombeza, na nitamwacha anigombeze. Zile bahasha mbili sijazifuta, atazisoma mwenyewe akitaka, ni zake na zako.

Lala, mke mwenzangu. Mume wetu mwambie nachelewa kidogo, nina mtu huku wa kukaa naye. Nami nakuahidi jambo moja, ndilo ninaloliweza: mama yako hatasikia tena kwangu neno lililopunguzwa. Likiwa zito nitamwandikia zito, herufi zote, hata kama itanichukua mchana kutwa.

Bibi yako,
Mwanahawa