Neno Ulilosema Ulipovuliwa Barakoa

Baba,

Mahindi ya shamba letu la Kitanga tumevuna bila wewe, na Mama bado anasonga ugali wa kukutosha. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nimefaulu. Nilitaka uwe wa kwanza kusikia.

Shangazi anasema uliacha usia. Aliutangaza msibani huku akilia: eti ulisema niende kwake Kibondo nikamsaidie dukani, shule inatosha. Watu wakaitikia, "Usia wa marehemu hauvunjwi." Baba, mimi nilikuwepo pale hospitalini.

Homa ya mapafu ilikuwa imekuelemea. Muuguzi alituambia wanajiandaa kukuingizia mpira kooni ili mashine ikupumulie. Kabla ya hapo, alisema, lazima uvute oksijeni ya kutosha, maana mpira unapoingizwa utakaa kidogo bila kupumua, na utategemea akiba hiyo tu. "Barakoa hii isitoke usoni," akasisitiza, akaenda kumwita daktari.

Shangazi akaivuta. "Mpira ukishaingia hataongea tena. Mtu haondoki bila kuusia. Sema, kaka yangu, tusikie!" Nilinyoosha mkono niirudishe, akanipiga kibao mkononi. "Tulia wewe, wakubwa wanaongea." Midomo yako ikabadilika rangi. Ulitoa macho, ukaionyesha barakoa kwa kidole, ukasema neno moja: "Nirudishieni."

Basi. Hukutaja duka. Hukutaja Kibondo. Hukunitaja mimi.

Muuguzi aliporudi alipaza sauti, "Nani katoa hii?" Wakakuwekea tena, lakini hali yako haikuwaruhusu kungoja. Mpira ukiwa unaingia, moyo wako ukasimama. Baadaye muuguzi alinishika bega, akasema pengine usingepona hata hivyo. Pengine. Nalichukia neno hilo.

Sasa kisimani wanasema gesi ya hospitali, ile oksijeni, ndiyo iliyokumaliza, na Shangazi anatikisa kichwa pamoja nao. Anakula kwetu, ananiita "mwanangu". Nikimnunia, Mama ananiambia, "Mwache, naye kafiwa." Najua kafiwa. Mimi je?

Asubuhi ulikuwa ukinisalimu kwa kilugha chetu, "mwakeye", nami nikijibu kwa kunong'ona, unasimama mlangoni na jembe begani. "Sijasikia, rudia." Narudia. "Bado." Mpaka tunacheka wote wawili. Nyumba hii haina tena mtu wa kuningoja hivyo.

Jumamosi ukoo unakaa kuondoa tanga, na hapo ndipo nitakabidhiwa kwa Shangazi. Kabla hawajanikabidhi nitasimama mbele yao wote, niseme alichokifanya na ulichosema. Huenda nikalia, huenda wakaniita mtoto asiye na adabu. Ila nakuahidi, Baba, sitakaa chini kabla sijamaliza, na Kibondo siendi.

Pumzika. Mungu akulaze mahali penye hewa nyingi.

Binti yako,
Neema