Mama Aliyesikiliza Kalkulasi kwa Simu

Mama yangu wa Koyama,

Juzi nilimaliza mwaka wa tatu wa uhandisi hapa Mombasa, na wewe ndiye niliyetaka kumpigia kwanza. Nilishika simu kabisa, ndipo nikakumbuka. Basi nakuandikia, na wengine wakitaka kusoma na wasome.

Unakumbuka ng'onda zetu kisiwani Koyama? Ulikuwa ukipasua samaki, ukiwatia chumvi na kuwaanika nyuma ya nyumba, nami kitinda mimba wako nawapanga makandani. Siku moja nilianza kuwahesabu, moja, mbili, tatu, ukaniziba mdomo kwa mkono wenye chumvi. "Mchu hahesabu riziki yake kwa sauti," ukaniambia kwa lahaja yetu, mtu asitaje idadi ya alichonacho, maana kijicho kina masikio. Hata sisi wanao, mtu akikuuliza tu wangapi, ulijibu kwamba tupo, alhamdulillahi, ukabadilisha mazungumzo. Nikazoea kuhesabu kimoyomoyo na kukunong'oneza jumla tu, korja tano, yaani samaki mia, korja sita. Sikukosea hata mara moja, na kichwa kilinivimba.

Kumbe mazoea yale yalinifuata hadi chuoni. Mtihani wa kwanza wa kalkulasi niliandika majibu matupu. Mengi yalikuwa sahihi. Mhadhiri akaniita, akataka kujua njia iko wapi, nikamwambia iko kichwani. Akadhani nimenakili. Hakuwa mtu mbaya, mama. Alinieleza kwamba anayeyumba kwenye hisabati huyumba kwenye boriti, kwenye maji, kwenye umeme, na kwamba daraja halijengwi kwa njia iliyofichwa kichwani mwa mtu mmoja, kwa kuwa mwenzake lazima aikague. Nikapewa mtihani wa marudio. Nikifeli ule, ndio basi, narudi nyumbani.

Alasiri ile nilikupigia Kismayu, mlikohamia kutoka kisiwani, nimefura kwa hasira, nikakutamkia neno ambalo hata leo nalijutia: "Wewe ndiye uliyeniharibu, na hofu zako za kijicho." Niliwasikia kuku wa jirani kwenye simu. Nilingoja unikemee, ungenikemea ningepata nafuu.

"Haya," ukasema. "Basi nihesabie mimi, kwa sauti. Mimi sina kijicho nawe."

Tukaanza. Kila siku baada ya sala ya alasiri, mtandao ukipatikana, nilikusomea maswali yangu. Wewe ambaye shule hukuiona hata mlango, nikikwambia natafuta mteremko wa mstari uliopinda, unaitikia "eee" kama ninayekusimulia habari za harusi. Lakini nikiruka hatua, hupitwi. "Hapo hapo. Umetokaje huko ukafika huku?" Nilikutania kwamba mhadhiri mwenyewe hana ukali wako, ukacheka mpaka ukakohoa. Nikarudi nyuma nikaeleza, na katika kueleza nikagundua, kwa aibu, kwamba mahali pengine sikuwa najua kitu, nilikuwa nikibahatisha.

Siku nne kabla ya mtihani kaka alinipigia. Homa ya siku mbili tu. Walikuzika kabla sijapata hata nauli ya kuja, na mimi nikaingia kwenye mtihani macho yamevimba. Niliandika kila hatua, hata zile ambazo mtoto wa darasa la nne angezijua. Nikaomba karatasi za ziada mara mbili. Nikafaulu, na tangu hapo masomo ya boriti na ya maji hayajanitoa jasho kama nilivyotishwa. Siku hizi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakuja kwangu na kalkulasi zao. Nawafanya waseme. Wananilalamikia kwamba nauliza maswali ya kipumbavu, nami nawaacha walalamike.

Watu wanasema nina kipaji. Lakini mama, katika alasiri zile zote nilikueleza kila kitu ila kimoja. Nilijiambia kwamba hilo halisemwi kwenye simu. Nitakuja likizo, nikukalie miguuni, nikuombe radhi nikiwa na matokeo mkononi. Nilikuwa na wiki tatu, na kila siku tulizungumza, na kila siku nilikata simu bila kulisema.

Hukuniharibu, mama. Niwie radhi.

Mungu akulaze pema.

Mwanao, kitinda mimba