Mtu wa Kushika Nguzo

Tarehe 3 Februari

Shemeji yangu Timazi,

Salamu nyingi, nyingi kuliko mchwa walioko kwenye uzio wangu. Hujambo? Macho yanaendeleaje tangu daktari akufungue kile kitambaa? Huyo binti yako anakulisha, au anakutazama tu? Mimi ni mzima kama chuma. Vijana wakiniona na mtaimbo wangu wanavuka barabara.

Nguzo za upande wa bomba zimeanguka. Zimeoza pale zinapokutana na udongo: juu mti, chini unga. Ng'ombe akatoka, akala tuta zima la kabichi za muuguzi jirani mpaka mizizi. Muuguzi akaja na mdomo wake. "Mzee, funga uzio au uza ng'ombe. Mvua zikianza nisimwone huku." Nikamwambia, mama, uzio huu niliujenga kabla wewe hujaota meno. Akasema, "Ndiyo maana umeoza."

Sihitaji mtu. Nakata mguu uliooza, naunga mguu mpya kwa bolti, napaka oili chafu, nasimamisha. Kazi ya asubuhi moja. Nakuambia tu, maana huko ghorofani huna habari.

Shemeji yako,
Mtaimbo

Tarehe 19 Februari

Shemeji Mtaimbo,

Salamu zimefika pamoja na mchwa wake. Mimi nipo. Kiti kimoja, dirisha moja. Binti anaondoka alfajiri kwenda kiwandani kushona, akirudi nimeshalala. Mchana nasikiliza majirani wakifunga milango, namjua kila mmoja kwa kishindo chake. Wao hawanijui. Huku mimi si Timazi, ni "yule babu wa chumba cha mwisho".

Sasa nijibu: nani anakushikia nguzo? Tangu nikuozeshe dada yangu, Mungu amrehemu, mwenye mtaimbo hashiki nguzo na mwenye nguzo hashiki mtaimbo. Wewe unashindilia udongo, mimi, kama ile kamba ya timazi ya fundi, nashika na kutazama kama imenyooka. Ukifanya peke yako itasimama kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Ukitaka mtu, sema. Neno moja tu. Mimi siendi kwa mtu bila kuitwa, hata akiwa shemeji.

Shemeji yako,
Timazi

Tarehe 2 Machi

Shemeji Timazi,

Habari za kitini? Hapa afya tele, kazi tele.

Nimesimamisha bila wewe. Nguzo ya kwanza niliifunga kamba huku na huku, ya pili nikaiegemeza kwenye toroli. Zilisimama wima kama askari wa gwaride. Ng'ombe akajikuna shingo kidogo tu, zikalala. Nguzo hazina kosa, ng'ombe ndiye mnene.

Nikaanza upya. Nikajikuta nasema, "Kushoto kidogo," halafu najijibu mwenyewe, "Hapo hapo, shindilia." Muuguzi akauliza ng'ambo ya kabichi zake, "Mzee, unaongea na nani?" Nikamwambia na fundi mwenzangu. Akachungulia. Akaona toroli. Akainama kupalilia kabichi zake, na siku ile ningependa anikemee.

Hilo neno unalolitaka sina. Mtu akitaka kuja, njia anaijua.

Shemeji yako,
Mtaimbo

Tarehe 15 Machi

SHEMEJI,

HUJAMBO. SIJAMBO KIASI. NJIA NAIJUA, LAKINI NIITE. NIITE UPESI.

SHEMEJI YAKO

Tarehe 28 Aprili

Shemeji,

Salamu. Nilinyamaza kwa sababu ulinipigia kelele. Maneno machache, kila herufi kubwa kama ya mtoto wa chekechea, karatasi imejaa! Mimi si wa kufokewa kwenye karatasi. Nikasema akae na kiti chake.

Mvua zimeanza. Udongo umekuwa uji, nguzo nilizounga zinaelea. Nimemfunga ng'ombe mlangoni kwangu, kwa hiyo hata mlango siufungi, tunalala tunatazamana. Muuguzi amesema mwisho wa mwezi ujao anamwita mwenyekiti. Jana niliteleza, nikakaa matopeni hadi nikachoka kukaa. Hakuna aliyepita. Nyundo iliangukia mbali nami, nikaitazama tu.

Basi haya. Njoo.

Usilionyeshe watu neno hilo.

Shemeji yako,
Mtaimbo

Tarehe 9 Mei

Shemeji Mtaimbo,

Anaandika binti yangu, maneno ni yangu. Anakusalimu, ingawa amenuna.

Sikukupigia kelele. Herufi ndogo nilikuwa sizioni tena, nikaandika kwa ukubwa niliouona. Sasa hata hizo sizioni. Daktari amesema lisilorudi halirudi. Mwezi wa tatu namba ya basi nilikuwa naiona ikinikaribia sana, na mlango wake naupapasa. Ningefika. Nilikuwa nimeshaweka begi karibu na mlango, binti akajikwaa nalo kila asubuhi, mwishowe akalirudisha kabatini.

Leo siwezi kuja, na binti hapewi ruhusa kiwandani. Kunyooka kwa nguzo usiniulize tena. Ila mikono ipo, ukinipa mti wa kushika nitaushika mpaka uchoke wewe.

Nimekuita mimi sasa. Njoo unichukue.

Shemeji yako,
Timazi

Tarehe 14 Mei

Shemeji yangu,

Sikuulizi hali, umeshanijibu.

Binti alipoandika "sizioni" nilisoma mara ya kwanza nikadhani nimekosea, mimi na kisomo changu cha kuungaunga. Nikampelekea muuguzi barua anisomee. Akasoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikamwomba anitunzie ng'ombe siku chache. Akasema, "Mzee, nakuonea huruma, lakini na kabichi zangu nazionea." Ana haki. Nimemuuza ng'ombe kwa muuza maziwa, na nauli yetu ya kurudi imo humo humo.

Natoka kesho. Huenda nikafika kabla ya barua hii, lakini naiandika hata hivyo, maana nikikuona nitaanza majigambo na haya hayatatoka. Nyumba ni kubwa, shemeji. Sikukuambia. Kitanda chako nimekiweka chumba cha mbele, penye jua.

Toa lile begi kabatini. Tutausimamisha uzio wote, nguzo kwa nguzo. Binti akiuliza ni uzio wa kuzuia nini na ng'ombe hayupo, mwambie hujui. Hata mimi sijui.

Nakuja.

Shemeji yako,
Mtaimbo