Ngoma ya Besi na Ekari Thelathini

Jumatatu, 12 Januari 1970

Nimenyoa ndevu, nimesoma kurasa arobaini, nimebishana na Mama kabla ya chai. Hoja: iwapo mtu mwenye shahada ya falsafa anapaswa kukamua ng'ombe. Nimeshinda. Kisha nimekamua.

Mchana, mkutano wa wanachama ghalani. Tangu tulinunue kwa hisa shamba hili la huku nyuma ya Kiplombe, hatujakubaliana juu ya lolote isipokuwa saa ya kula. Leo zimegombewa ekari thelathini zinazozunguka ghala. Mimi nataka shule. Wengine wanataka zigawanywe walime viazi. Nilizungumza saa nzima, nikaanzia kwa Wayunani wa kale. Wawili walilala. Mwenyekiti akasema haoni shule yoyote, anaona watoto wa kuchunga mbuzi. Kura ni Jumamosi.

Nikatangaza kwamba Jumamosi watoto watapiga gwaride mbele yao kama shule kamili, kwa ngoma. Ghalani mna seti ya ngoma za mtoto iliyoachwa na mzungu aliyetuuzia shamba. Ngoma ndogo ni nzima, toazi lipo, lakini ngoma ya besi, ile inayolala ubavu na kupigwa kwa kanyagio, panya wamekula ngozi zake mbili. Nikaulizwa nani ataiwamba. Nikasema ni mimi. Mzee Wafula, aliyemfanyia kazi mzungu huyo miaka ishirini na ambaye hupiga ngoma kanisani kwao, alikohoa mlangoni akasema ameizoea kazi hiyo. Nikamweleza mbele ya watu wote kwamba mazoea si elimu.

Nilijipenda sana wakati huo.

Jumanne, 13 Januari

Baiskeli hadi mjini, maktaba. Nimesoma sura nzima kuhusu mitetemo ya utando uliokazwa. Nimeelewa yote. Jerono, binti wa dada yangu, ana miaka tisa na ndiye mpigaji wetu. Mpaka sasa amekuwa akipiga madebe. Aliuliza kitabu kinasemaje kuhusu ngozi. Nikatafuta. Hakisemi kitu.

"Iko na hesabu tu," akasema.

Nilichukua ngozi ya ndama kwenye chumba cha Mama. Laini, nyeupe, bila unywele hata mmoja. Mama aliuliza ya nini. Nikasema ya sayansi. Akaniachia, akarudi jikoni. Niliikata vipande viwili, nikawamba pande zote mbili, nikakaza skrubu hadi mwisho. Jerono akakanyaga.

Sauti ya ugali ulioanguka sakafuni.

Nilikaza zaidi. Ugali mkubwa zaidi. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Ngozi hiyo bibi aliipaka siagi na kuisugua miezi mitatu, makusudi isije ikakauka ikawa ngumu maisha yake yote. Kila mtoto wa boma hili analijua hilo, akasema. Mimi ni mtoto wa boma hili. Aibu.

Jumatano, 14 Januari

Ngozi mbili mbichi za mbuzi, kutoka kwa Mwenyekiti mwenyewe. Aliziuza kwa tabasamu nisilolipenda. Nilikwangua manyoya, nikawamba zikiwa zimelowa. Nadharia iko wazi: mkazo ukizidi, sauti inapanda. Nilikaza skrubu moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, kwa nguvu zangu zote, nikaianika ngoma juani ili kuokoa muda.

Saa saba nilikuwa kwenye ua nikimthibitishia Mwenyekiti kwamba hakuna taifa lililoendelea kwa viazi pekee. Mlipuko. Mwenyekiti alilala kifudifudi kwenye mabua ya mahindi. Ngozi ya mbele ilikuwa imepasuka toka ukingo hadi ukingo, na pete ya mbao inayoishika imepinda kama tandiko la punda.

"Anko," Jerono akasema, "imelia mara moja tu."

Kufikia saa tisa shamba zima lilikuwa na habari. Wapo wanaonipigia saluti kwa mkono wa kushoto, kama kwa mpiga mizinga.

Alhamisi, 15 Januari

Nimejichukia tangu alfajiri.

Nilikwenda kwa Mzee Wafula, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilifika kwenye "kwa kuzingatia" tu, akaniashiria ningoje. Akamaliza chai yake kwanza.

"Ulisema mazoea si elimu."

"Nilisema, Mzee."

"Basi leta ngozi ingine."

Lakini ana sharti. Hana hisa, na wanachama wamekwisha kusema kwamba ikiwa shule itakuwapo, itakuwa ya watoto wao pekee. Anao wajukuu watatu. Anataka waandikwe. Nilianza kumfafanulia jinsi nitakavyojenga hoja mkutanoni.

"Wewe usijenge kitu," akasema. "Waandikwe tu."

Pete aliinyoosha kwa mvuke wa sufuria. Ngozi akaikunja juu ya pete, akaipenyeza ukingoni kwa mpini wa kijiko. Skrubu akazigusa tu, mpaka mikunjo ikaisha. Nikasema imelegea. Akasema itajivuta yenyewe ikikauka. Akaiweka kivulini na kunikataza kuisogelea.

Ijumaa, 16 Januari

Kukaza leo. Anakaza skrubu moja robo mzunguko, kisha ile inayoitazama ng'ambo, kisha anavuka tena. Baada ya kila raundi anagonga kwa kidole kando ya kila skrubu na kusikiliza mpaka zote ziseme sawa. Nilimweleza kwa nini njia hiyo ni sahihi. Aliniomba ninyamaze kwa sababu hasikii.

Ndani alitia kipande cha blanketi. Jerono akakanyaga. Niliisikia kifuani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Jumamosi, 17 Januari

Watoto hamsini na wawili, wengi bila viatu. Jerono kwenye kigoda. Hatua zilianza vibaya, kisha besi ikazishika. Wazee walisogea mbele. Mmoja aliyetaka ekari zake nne alikuwa akitikisa mguu bila kujua.

Shule imepita kwa tofauti ya kura tatu.

Ndipo Mwenyekiti akasema: watoto wa wanachama tu. Nilisimama. Hoja nilikuwa nayo, ya dakika arobaini, tangu kwa Wayunani. Nikasema: "Ngoma hii imewambwa na Mzee Wafula. Mimi niliipasua. Naomba wajukuu wake wasome."

Walicheka muda mrefu mno. Mwenyekiti alijipangusa machozi. "Waandike," akasema, "twende tukale."

Sijawahi kushinda hoja vibaya namna hii.

Jumapili, 18 Januari

Mawingu kidogo. Mzee Wafula alikuja ghalani na wajukuu kabla ya kanisa. Nilifungua daftari jipya. Wawili wa kwanza niliwaandika upesi. Wa tatu, Nasimiyu, hakuna anayejua mwaka wake, kwa hiyo tulimpima kama wote wanavyopimwa: apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili; akiligusa, umri wa shule umefika.

Alijinyoosha. Aliinamisha kichwa. Vidole vilikoma kabla ya sikio.

Mzee Wafula alitazama nje.

Nikasema vimefika, nikaandika.