Aliyesimama Njia ya Haf

Shetland, Juni 1874

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Yell na magoti yamekupa nafuu kidogo. Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameota meno mawili, ananing'ata huku anacheka.

Mama, habari yangu ni ya haf, huko mbali baharini wanakovua waume zetu. Alikuja nahodha wa Kinorwei kuleta mbao. Maneno yetu mengi yalimpita, lakini mume wangu Rasmie alipotaja haf alilidaka papo hapo, akasema hata kwao bahari kuu wanaiita hivyo, na Wadenmaki, na watu wa Aislandi vilevile. Rasmie akaniambia, mke mwenzio huyo haf kumbe ana wanaume kila nchi. Mimi sikucheka. Niliwaza wanawake wa pande zote hizo, na watoto wao mikononi, wakiliogopa neno hilo hilo moja. Tangu hapo nikimwona mume wangu anakunja mishipi, natoka nje nisione.

Asubuhi ya kuondoka, Rasmie alimkuta Bibi Girzi, yule mjane jirani yetu, kasimama katikati ya njia ya pwani. Unajua wavuvi wanavyosema, kwamba ana nuksi, na anayekutana naye akienda haf lazima arudi nyumbani. Basi Rasmie akarudi. Mashua ya makasia sita haiendi na watu watano, wote wakabaki. Bahari ilikuwa shwari, na mashua nyingine zilirudi zimejaa samaki.

Tangu siku hiyo Girzi hana raha. Wanaume walimwendea mlangoni wakamwuliza, bibi, miguu hiyo imekosa pa kwenda, au tukufunge kamba kama ng'ombe? Alijibu tu kwamba alikuwa anatafuta kondoo wake. Hakuna anayempa kichwa cha samaki wala kaa la moto. Amefunga mzigo, anahama.

Mama, hakukuwa na kondoo. Ni mimi niliyemwomba asimame pale. Nilikwenda kwake na mtoto, nikalia, nikamwambia nizuilie baba yake huyu safari hii moja tu. Alinitazama akasema, nuksi hii wamenipa wao, mwanangu, acha walau imfae mtu. Hajanitaja mpaka leo. Nami nilikuwa napita mlangoni kwake nimeinamisha kichwa, kama wengine.

Leo nilishindwa kupita. Nimemleta hapa kwetu, amempakata mtoto, na mzigo wake uko karibu na mlango. Rasmie anavuta kiko. Kumwambia ukweli kwa mdomo siwezi. Kwa hiyo nikishatia jina langu nitamsomea barua hii yote kabla sijaifunga. Najua atakasirika. Lakini namjua pia, naamini hasira ikimtoka, ni yeye atakayeubeba mzigo ule kuurudisha nyumbani kwa mwenyewe, watu wote wakiona.

Msalimie Baba na dada Osla. Bibi Girzi naye anakusalimu.

Ni mimi mwanao,
Sinni