Kadi Nyekundu Mbele ya Wakwe

Asalaam aleikum, Bi Nasma. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ila nyumbani nimebaki na kuku tu. Mimi nimecheza beki tatu hapa Mafia miaka kumi na saba, mawinga wa timu ya kijiji cha Kanga wakisikia nimepangwa walikuwa wanaumwa ghafla, na tangu nistaafu nimeona maisha yote ni mpira tu, ukizaliwa kipenga kimelia, ukioa umesajili, ukiota kitambi umehamia benchi, na usipocheka basi dakika tisini ni nyingi mno. Siku hizi nachezesha mechi za watoto, kwa hiyo kadi ninazo mfukoni hata nikienda sokoni.

Sasa wiki iliyopita walikuja wakwe zetu watarajiwa kupanga arusi ya binti yetu Furaha, nikawasimulia lile goli langu la fainali, shuti la mita thelathini, kipa kabaki kaduwaa, nao wananisikiliza kwa adabu zote, mara mke wangu Mwanahalima akaingia na sinia la pilau akasema goli lile nilijifunga. Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi refa bwana, nikasimama nikampa nyekundu. Akaweka sinia chini, akafunga nguo zake, akapanda mashua kwenda kwao Juani. Nikimpigia simu ananijibu kwa upole kabisa, "Mwenye nyekundu hakai uwanjani, na mechi inayofuata haimhusu." Mechi inayofuata ndiyo arusi, zimebaki siku kumi na mbili, na Furaha ameapa kuwa bila mama yake haolewi. Watu wananiambia nikaombe radhi, lakini wewe umeona wapi refa akamwomba radhi mchezaji? Nisaidie arudi bila mimi kuonekana nimefungwa.

Beki Mstaafu, Kilindoni

Shikamoo mzee wangu. Heshima nimemaliza, sasa kaa unisikilize.

Barua yako imenichekesha hadi nikaisoma kwa sauti ofisini, na ucheshi huo usiuache. Ila unawacheka watu wote, wewe ukichekwa mara moja tu unatoa kadi. Mama wa watu amevumilia hadithi zako miaka yote, kasema neno moja, unamfukuza mbele ya wakwe? Umemwaibisha, na nakuambia wazi umekosa.

Tena barua yako nimeirudia mara tatu nikitafuta uliposema kuwa Mwanahalima kadanganya. Sijapaona.

Kesho asubuhi vaa kanzu, kadi ziache nyumbani, uende Juani mwenyewe. Usitume mtu. Mwombe radhi mbele ya wazazi wake, na neno "lakini" lisikutoke. Akikubali kurudi, waalike wakwe wale wale kabla ya arusi, sinia ulibebe wewe, kisha uwasimulie goli lako tangu mwanzo, na mita zako thelathini. Ukifika langoni, nyamaza, mpasie Mwanahalima amalizie.